Skizofrenia, kumbukumbu na maisha ya kila siku: maswali ya familia za Unguja na Pemba

Sauti anazozisikia mgonjwa wa skizofrenia zikishanyamaza naye akarudi nyumbani, watu hutarajia mambo yawe kama zamani. Hayawi. Kijana aliyekuwa akifungua duka alfajiri sasa analala mpaka adhuhuri. Anatumwa vitu vitatu, analeta kimoja. Anaanza kufagia uwanja, anauacha nusu. Hapo ndipo maswali mengi huanza, na ugomvi mwingi wa nyumbani pia. Majibu yaliyo hapa chini yanahusu zaidi sehemu hiyo ya ugonjwa isiyotajwa sana: umakini, kumbukumbu, kupanga mambo, na namna vitu hivyo vinavyogusa raha ya maisha ya mgonjwa.

Skizofrenia ni ugonjwa gani hasa?

Ni ugonjwa wa ubongo unaovuruga fikra, hisia na namna mtu anavyoyaona mambo yaliyomzunguka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 23 wanao, yaani karibu mtu 1 katika kila watu 345. Mara nyingi huanza ujanani, na wanaume huanza mapema kidogo kuliko wanawake.

Dalili zake ziko za aina tatu. Aina ya kwanza ndiyo inayojulikana mtaani: kusikia sauti zisizosikiwa na wengine, kuamini kwamba kuna watu wanamfuata au wanamtilia sumu, kuzungumza maneno yasiyoungana. Ya pili ni upungufu: hamu inakwisha, uso hauoneshi furaha wala huzuni, mtu ananyamaza. Ya tatu ni kudhoofika kwa uwezo wa kufikiri. Aina ya kwanza ndiyo inayomfikisha mtu Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili ya Unguja. Ya tatu ndiyo inayomzuia kurudi kazini baada ya kutoka, na familia nyingi hazijawahi kuelezwa kuwa nayo ni ugonjwa.

Mwanangu dawa anakunywa, sauti hazisikii tena. Mbona bado mvivu?

Mama, inawezekana kabisa kwamba si mvivu. Dawa za skizofrenia hufanya kazi zaidi kwa kuzuia kemikali ya ubongo iitwayo dopamini, na hiyo husaidia sana kutuliza sauti na dhana za uongo. Umakini na kumbukumbu zinaguswa kidogo tu na dawa hizo. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa ametulia kabisa, anazungumza vizuri, anasalimia wageni, na bado akashindwa kumaliza kazi ya nusu saa.

Vitu vinavyodhoofika ni kadhaa. Kasi ya kufikiri hupungua: unamuuliza, anakaa kimya, unadhani amekudharau, kumbe jibu liko njiani. Umakini haudumu, hasa penye kelele. Kumbukumbu ya muda mfupi, ile ya kushika jambo huku unalifanyia kazi, ni kama kiganja kilichokuwa kikishika vitu saba na sasa kinashika viwili au vitatu. Ndiyo maana ukimwambia “pita kwa ami yako uchukue ndoo, kisha dukani ulete mafuta ya taa na chumvi, na chenji umpe dada yako”, ataondoka na neno la mwanzo au la mwisho. Kujifunza jambo jipya kwa kusikia kunakuwa kugumu. Kupanga kunakuwa kugumu zaidi: anajua kupika, anajua viungo vyote, lakini aanze na kipi, wali uinjikwe saa ngapi ili uwahiane na mchuzi, hapo anakwama.

Kuna na kingine kinachoumiza zaidi kuliko vyote, nacho ni kusoma watu. Mwenzake akifanya utani barazani, hajui kama ni utani au tusi. Sura ya mtu aliyechoka anaiona ni ya mtu aliyekasirika. Marafiki wanaanza kusema “fulani siku hizi mgumu”, na pole pole hawampitii tena.

Namna ya kuvitofautisha na uvivu: mvivu huchagua. Kazi asiyoipenda huiacha, anayoipenda huimaliza. Mgonjwa huyu huacha njiani hata yale anayoyapenda, mpira, karata, kisa alichokuwa akikusimulia mwenyewe.

Alikuwa anahifadhi Kurani, akaanza kusahau juzuu alizokwisha kuzishika kabla hata hatujajua kuwa anaumwa. Vinahusiana?

Mara nyingi, ndiyo. Kushuka kwa kumbukumbu na umakini hutangulia sauti, pengine kwa miaka. Kule Dunedin, New Zealand, watafiti waliwafuata watoto waliozaliwa mwaka 1972 na 1973 mpaka ukubwani. Waliokuja kuugua skizofrenia walikuwa wameanza kuonesha upungufu katika baadhi ya majaribio ya akili kabla ya kufika umri wa miaka 13, wakati ambapo hakuna aliyedhani kuwa watakuja kuugua.

Tusiligeuze jambo hili kuwa hofu. Watoto wengi husahau, hushuka darasani, huchoka na chuo cha Kurani, na hawana ugonjwa wowote. Lakini kijana mwenye miaka 17 au 18 aliyekuwa akifanya vizuri skuli na chuoni, akaporomoka ghafla, akajitenga, akaacha kuoga, akaanza kuogopa watu, huyo apelekwe kwa daktari. Fimbo ya mwalimu haitamrudishia alichopoteza.

Je, ataendelea kupoteza akili mpaka awe kama mzee asiyewajua watoto wake?

Hapana. Daktari Mjerumani Emil Kraepelin, mwishoni mwa karne ya 19, aliuona ugonjwa huu kuwa ni upotevu wa akili unaoanza ujanani na kwenda ukiharibika. Mwaka 1911 Eugen Bleuler wa Uswisi, aliyeupa jina la skizofrenia, alionesha kuwa si lazima uishie hivyo. Kwa wagonjwa wengi uwezo wa kufikiri hushuka kabla ya ugonjwa kujitokeza na karibu na mwanzo wake, kisha hutulia mahali pamoja kwa miaka mingi. Shirika la Afya Duniani linasema angalau mtu 1 katika kila 3 hupona kikamilifu.

Mgonjwa akizidi kushuka haraka baada ya kuwa ametulia, tafuteni sababu nyingine: dawa, bangi, sonona, kisukari, presha, kuumia kichwa, ugonjwa wenyewe kurudi.

Dawa ndizo zinazomfanya asahau?

Swali zuri, na jibu lake lina pande mbili. Ugonjwa wenyewe unasahaulisha, tumeshaona kwamba huanza kabla ya dawa. Lakini ziko dawa zinazoongeza mzigo, na hapa familia ina haki ya kuuliza.

Ya kwanza kuulizia ni benzeksoli, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Artane. Hutolewa pamoja na dawa kama haloperidoli, klopromazini au sindano ya mwezi ya flufenazini, ili kuondoa kukakamaa, kutetemeka na shingo kujipinda. Kazi hiyo inaifanya vizuri. Shida ni kwamba inazuia kemikali ya ubongo inayotumika katika kumbukumbu. Kwa hiyo mtu anakaukwa na mdomo, anaona ukungu, anapata choo kigumu, na anasahau zaidi. Wako watu ambao wangetosheka na kidonge kimoja, au wasingeihitaji tena kabisa, lakini wameandikiwa ile ile miaka nenda miaka rudi kwa sababu hakuna aliyeuliza. Ulizeni. Semeni hivi: “Daktari, hii ya kukakamaa bado anaihitaji? Inaweza kupunguzwa?” Msiikate wenyewe ghafla, maana kukakamaa kunaweza kurudi kwa nguvu.

La pili ni usingizi. Klopromazini humlaza mtu, na dozi kubwa ya asubuhi humfanya ashinde amezubaa. Wakati mwingine daktari anaweza kuihamishia usiku, na hilo peke yake likabadilisha siku nzima.

Jambo lisilofaa ni kuacha dawa yote kwa sababu ya kusahau. Wengi wanaoacha huugua tena ndani ya mwaka mmoja au miwili.

Ipo dawa ya kurudisha kumbukumbu hiyo?

Bado. Makampuni makubwa yamejaribu kwa miaka mingi. Iklepertini, iliyotarajiwa sana, ilifika majaribio ya mwisho, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2025 yalionesha kuwa haikushinda kidonge kisicho na dawa. Akija mtu kukuuzia chupa ya “kuzibua ubongo”, hifadhi pesa yako.

Kilichoonesha faida ni mazoezi ya akili yanayofanywa kwa mpango pamoja na mtaalamu, hasa yakiambatana na kazi halisi, na mazoezi ya mwili. Kutembea kwa kasi, kukimbia, kuogelea, mpira: vitu vinavyoupandisha moyo mapigo, mara kadhaa kwa wiki, vimeonekana kusaidia umakini na kumbukumbu kidogo, na pia vinapunguza unene unaoletwa na baadhi ya dawa. Pwani tunayo na haina kiingilio. Akihitaji kutoka na mtu, atoke na mtu.

Na bao? Linataka umakini, kuhesabu kete na kufikiri hatua za mbele, na linamkalisha mtu na wenzake. Siwezi kulitangaza kuwa tiba. Lakini mgonjwa anayekwenda kucheza bao kila alasiri ana sababu ya kuoga, kuvaa kanzu safi na kutoka nje, na hilo nalithamini kuliko kumwacha amelala chumbani.

Basi sisi nyumbani tufanye nini?

Punguzeni maneno, ongezeni utaratibu. Agizo liwe moja, fupi, likimalizika ndipo lije la pili. Mwite kwa jina kwanza, subiri akuangalie, kisha sema. Zima redio. Ukimaliza, mwache aseme mwenyewe atakachofanya, bila sauti ya kumtahini.

Kila kitu kiwe na mahali pake. Dawa ziwekwe karibu na kitu asichokikosa kila siku, kwa mfano birika ya chai ya asubuhi au mswala, ili kimoja kikumbushe kingine. Siku ya kliniki iandikwe kwenye kalenda ukutani kwa herufi kubwa. Simu iwekewe mlio. Anayejua kusoma apewe kikaratasi cha kwenda nacho sokoni. Hakuna aibu, hata wazima huandika.

Wakati wa kumfundisha kazi, usimwache abahatishe. Wazazi wengi wanaamini mtoto akikosea ndipo anajifunza. Kwa mtu mwenye kumbukumbu dhaifu mambo huenda kinyume: kosa alilolifanya ndilo linalobaki kichwani, na kesho atalirudia. Ikatekate kazi vipande vidogo. Mfano maandazi: siku za mwanzo apime unga tu, ukiwa pembeni yake, kwa kikombe kile kile, mpaka afanye bila kufikiri. Kisha ongeza kukanda. Kukata na kuchoma baadaye. Inachukua muda mrefu. Lakini kazi iliyoingia mikononi kwa njia hiyo huwa inabaki.

Na hili ninalisema kwa msisitizo kwa sababu ndilo linaloharibika mara nyingi zaidi: msimseme mbele za watu. “Huyu hafai kitu”, “huyu ukimtuma umejituma mwenyewe”. Kule Uingereza, kuanzia miaka ya 1950, George Brown na wenzake waligundua kuwa wagonjwa waliorudi kwenye nyumba za lawama na kelele waliugua tena zaidi kuliko waliorudi kwenye nyumba tulivu. Utafiti wa namna hiyo umerudiwa nchi nyingi baada ya hapo. Mtafiti wa Marekani Juli McGruder alikaa hapa Zanzibar miaka ya 1990 akiziangalia familia zenye wagonjwa wa skizofrenia, na akaona kwamba pale jamaa walipoyapokea maradhi kama mtihani wa Mungu au jambo lililomkuta mtu bila kosa lake, nyumba ilibaki na utulivu, na mgonjwa hakubebeshwa lawama. Utulivu huo wengi wetu tunao tayari.

Tunampeleka kwa mwalimu akasomewe, na tunamnywesha kombe, maji ya aya za Kurani. Tuache?

Kusomewa Kurani hakugongani na kidonge. Kama kunampa yeye na nyinyi faraja, endeleeni, na dawa iendelee pia. Mtu yeyote, awe sheikh au mganga, akiwaambia dawa ya hospitali iachwe ili tiba yake ifanye kazi, huyo muacheni. Vile vile anayechapa, anayefunga mgonjwa minyororo, anayemnyima chakula au kumfukiza kwenye chumba kisichopitisha hewa. Huko mgonjwa anatoka na maumivu juu ya maradhi.

Anasahau ameswali rakaa ngapi, na anajilaumu sana.

Hukumu ya dini mumuulize sheikh mnayemwamini. Kwa upande wa ugonjwa ninaweza kusema kwamba ni dalili ya kawaida kabisa ya kumbukumbu dhaifu, na aambiwe hivyo kwa upole. Wengi hupata nafuu wakiswali jamaa, kwa kuwa imamu ndiye anayeongoza hesabu. Tena msikiti humpa mtu nyakati tano za kujua siku imefika wapi, na salamu za watu ambao hawakuja kumwangalia kama mgonjwa.

Ramadhani itakuwaje?

Nendeni kliniki kabla ya mwezi kuandama. Dozi nyingi zinaweza kupangwa kwa futari na daku, na mwenye sindano ya mwezi ana wepesi zaidi. Kinachonitia wasiwasi kuliko kufunga ni kukesha. Usingizi ukivurugika siku nyingi mfululizo, umakini unashuka na ugonjwa unaweza kurudi. Alale baada ya tarawehe, aamshwe daku, arudi kulala baada ya alfajiri. Daktari akisema asifunge, familia imuunge mkono waziwazi, wasimfiche kama mwenye kosa.

Bangi inamtuliza, anasema mwenyewe.

Kwa saa moja, labda. Bangi huongeza hatari ya kuugua kwa mwenye mwelekeo huo, hurudisha sauti kwa aliyekwisha kutulia, na huharibu kumbukumbu ile ile tunayohangaika kuijenga.

Kazi gani anaweza kuifanya?

Kazi zipo, ila zichaguliwe kwa kuangalia hatua zake. Pemba msimu wa karafuu watu huchambua jioni, wakitenganisha karafuu na makonyo, yaani vikonyo vyake, wamekaa kitako, wanazungumza. Hatua ni moja, inajirudia, kosa halina hasara kubwa, na mtu yuko na wenzake. Kuanika na kuanua nako kunafaa, ikiwa yupo wa kumkumbusha mvua ikikaribia. Kupanda mkarafuu, hapana. Klopromazini na baadhi ya dawa nyingine hushusha presha mtu anaposimama, kichwa kinazunguka, na miti ile ni mirefu. Kwenda baharini peke yake, hapana pia. Na wanaofanya kazi juani wajue kuwa klopromazini huifanya ngozi iungue upesi: kofia, mikono mirefu, maji ya kutosha.

Huko Paje na Jambiani, kufunga mwani kwenye kamba ni kazi ya namna hiyo hiyo ya kuchambua, na maji kupwa na kujaa ndiyo yanayopanga saa. Duka, kwa upande wake, ni gumu kuliko watu wanavyodhani: bei, chenji, madeni, wateja watatu kwa pamoja. Akitaka duka, aanze na saa tulivu akiwa na mtu.

Pesa ya mkupuo ni mtihani. Akilipwa baada ya msimu, akubaliane na mtu anayemwamini ipangwe vipi, na pesa yenyewe ibaki kuwa yake. Nimeona mara nyingi mgonjwa anafanya kazi na pesa inachukuliwa na ndugu “kwa ajili ya dawa zake”. Huyo mwakani hatafanya kazi, na atakuwa na haki.

Maisha bora kwa mtu kama huyu ni yapi? Si atosheke na chakula na malazi?

Shirika la Afya Duniani linapopima ubora wa maisha humuuliza mtu mwenyewe, kwa kuangalia utamaduni wake na malengo yake. Dodoso lake fupi lina maswali 26 kuhusu mwili, nafsi, mahusiano na mazingira. Chakula na malazi ni sehemu ndogo tu ya hayo.

Utafiti umeonesha jambo la kuzingatia. Kumbukumbu na umakini vinahusiana sana na yale anayoweza kuyafanya mtu: kazi, kujitegemea, kutunza nyumba. Lakini ukimuuliza kama ameridhika na maisha yake, jibu lake linahusiana zaidi na huzuni, wasiwasi na upweke kuliko alama zake za kumbukumbu. Yupo anayesahau kila kitu na ana raha, kwa sababu ana watu. Yupo mwenye akili kali, anaelewa vizuri alichokipoteza, na anaumia kimya kimya. Huyo wa pili msimwache peke yake. Takriban mtu 1 katika kila 20 wenye ugonjwa huu hufa kwa kujiua. Akisema amechoka kuishi, chukueni kauli hiyo kama ilivyo na mumfikishe hospitali siku hiyo hiyo.

Aoe? Aolewe?

Wako walioa na walioolewa na wanalea. Mwenza aambiwe ukweli kabla ya ndoa, dawa zijulikane, na asiozwe kwa matumaini kwamba ndoa itamtibu. Kuhusu kurithi: mzazi mmoja akiwa na skizofrenia, mtoto ana uwezekano wa karibu 1 katika 10. Tisa hawapati. Mwanamke anayetaka kushika mimba amwone daktari mapema, kwa sababu baadhi ya dawa zinaweza kuhitaji kubadilishwa.

Mimi ndiye mgonjwa. Nikiwa na watu wengi kichwa kinajaa, nashindwa kufuata mazungumzo. Nifanye nini?

Kaa pembeni, sio katikati. Chagua mtu mmoja wa kuzungumza naye. Kwenye harusi au maziko nenda mapema, salimia, fanya ulilokusudia, uondoke kabla hujachoka. Kufika kwako kumehesabiwa. Ukipotea katikati ya mazungumzo, sema “nirudie hapo”, watu husema hivyo kila siku. Mwambie rafiki mmoja kinachokusumbua. Si lazima mtaa mzima ujue.

Siku ya kliniki niseme nini?

Msiishie kwenye “hajambo, ametulia”. Muuguzi akisikia hivyo ataandika dawa zile zile na kumwita anayefuata. Elezeni anachoshindwa: anaanza asichomaliza, anasahau dawa mara ngapi kwa wiki, analala saa ngapi, anapata choo, anakakamaa, ananenepa. Chukueni vidonge vyote kwenye mfuko, hata vya sukari na vya presha. Mwache mgonjwa azungumze kwanza, na msubiri anapofikiri.

Unguja, hospitali ya maradhi ya akili ni Kidongo Chekundu. Pemba, anzieni hospitali iliyo karibu nanyi, Wete, Chake Chake au Abdalla Mzee kule Mkoani, mkaulizie huduma ya afya ya akili. Mkikosa kuelewana siku ya kwanza, ombeni kumwona mtu mwingine, na kadi ya dawa msiiache nyumbani.